Bei ya Mto Aliouchafua Anselme

Likasi, kipindi cha baridi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na moto, maana najua upepo wa Sumbawanga mwezi huu hauna adabu. Goti lako linaendeleaje? Edita aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unakwenda misa ya kwanza bila fimbo. Nilifurahi, halafu nikawaza kwamba labda umeificha tu nyuma ya mlango ili mdogo wangu huyo asikusumbue. Maharage mmekwisha kuyavuna? Na ule ukuta wa jiko ulioanguka wakati wa mvua, mjomba Kasian ameujenga au bado anaahidi?

Sisi huku tunapumua. Wajukuu wako wanasoma, na wakigombana siku hizi wanatukanana kwa Kifaransa ili mimi nisielewe. Didier anakusalimu sana. Amekonda kidogo, lakini ana kazi za mkono, utasikia kwa nini.

Mama, mambo ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema kwenye simu. Nikianza kuyasema sauti inanipanda, na jirani huku akisikia sauti imepanda anakuja na kigoda chake. Baada ya msiba wa mama mkwe ulinitumia ujumbe: "Mwanangu, mwachie Mungu." Nilikaa na neno lako bila kulijibu. Sasa najibu. Sikumwachia. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo unikemee.

Unajua nilivyofika hapa na Didier, sina ndugu wala sielewi Kiswahili chao. Majirani waliniita "ule wa Tanzanie" wakicheka ninavyoongea. Mama Philomène, mama yake Didier, ndiye aliyenipokea. Siku ile ile niliyoshusha mizigo alinipa jembe. Nikamwambia kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Akasema, "Siku ya tatu? Minye siko na pasiansi, mwanangu. Twende." Pasiansi, yaani subira. Tukaenda bustanini kwake, kando ya mto unaoshuka kutoka nyuma ya kiwanda cha shaba. Tangu hapo tulilima pamoja lengalenga, ndio mchicha wetu, na kabichi na vitunguu, tukauza sokoni. Yeye ndiye aliyenizalisha mtoto wa pili, gari lilipokosa kupita kwenye tope. Nilikuwa na mama wawili, Mama, na usinune, hata wewe ulikuwa unajua.

Kiwanda kilipopata wenyewe wapya, maji yakaanza kubadilika. Siku nyingine yanashuka ya kijani kama shaba iliyoota kutu, siku nyingine meupe, yananuka harufu inayokwaruza koo. Vyura wakanyamaza. Tulipokwenda kuuliza, walinzi walituambia ni mvua inaosha milima. Asubuhi moja Mama Philomène aliingia mferejini bila viatu, kama siku zote, afungue maji yaingie kwenye kabichi. Nilikuwa napalilia upande wa juu. Nilisikia anapiga kelele, nikadhani ni nyoka. Nilipomtoa, ngozi ya miguu yake ilibaki mikononi mwangu.

Sitakuandikia habari za hospitali. Vidonda havikufunga. Walikata mguu mmoja, wakataka kukata wa pili, akakataa. Mvua za kwanza zilipoanza tukamzika.

Kwenye matanga alikuja Anselme, mkurugenzi wa kiwanda, ambaye watu hapa humwita Patron. Alileta jeneza zuri na magunia ya unga, na mpiga picha. Akasimama mbele ya waombolezaji, akasema kwa sauti ya huruma, "Maman yetu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Sote tunajua sukari inavyokula miguu ya bamama." Mama, hakuwa na sukari! Hospitali walimpima mbele yangu. Didier alikuwa amesimama pembeni, naye ni mchomeaji vyuma katika kiwanda kile kile, chini ya mtu yule yule. Nilimtazama mume wangu anavyomeza mate. Mtu mmoja akathubutu kuuliza habari za mto. Anselme akatabasamu. "Mto hauna mwenyewe, ndugu yangu. Utamulipa nani?"

Hapo ndipo chuki iliponiingia, ikakaa kitako kama mtu aliyefika kwake.

Tulikwenda mahakamani. Wakili wao akasema maneno yale yale kwa Kifaransa kirefu zaidi: mto ni mali ya wote, kwa hiyo hakuna mtu aliyeharibiwa mali yake. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, ikafa. Mimi nikaanza kuwaza petroli. Nilijua gari lake linapoegeshwa Jumapili wakati wa misa. Nilikuwa nasali Baba Yetu huku nawaza linavyowaka. Ndiyo, Mama, ndani ya kanisa.

Basi, siku moja tukaitwa ukumbi wa parokia, sisi tunaokaa kando ya mto. Alikuwapo msichana kutoka ofisi ya uchumi ya mji, anaitwa Clarisse, mwembamba, miwani minene, viatu vimejaa vumbi kwa sababu alikuja kwa miguu. Akatuambia jambo ambalo sijawahi kulifikiria. Alisema, "Sasa hivi kumwaga taka mtoni ni bure, na kusafisha taka ni ghali. Nani mwenye akili ya biashara atachagua ghali?" Akaeleza kwamba mji unataka kuweka ushuru. Maji yapimwe kila mara yanapotoka kiwandani. Anayemwaga machafu zaidi alipe zaidi, anayesafisha alipe kidogo. Fedha zisiingie mifukoni mwa wakubwa, zilete mabomba ya maji safi kwenye mitaa iliyoharibiwa. Lakini mji hautaweza kuuweka mpaka kamati ya wakazi wa mto iukubali kwa kura.

Watu waliuliza maswali mengi. Mimi nilikuwa na moja.

"Huo ushuru utamuuma?"

"Nani?"

"Anselme."

Akavua miwani akaifuta. "Mama Resti," akaniita kama wanavyoniita huku, "ushuru hauandikwi jina la mtu. Haukuja kulipiza."

"Nauliza kama utamuuma."

Alifikiri, kwa sababu ni msichana mkweli. "Utawauma wenye kiwanda," akasema. "Na wao watamuuma yeye."

"Basi niandike kwenye kamati," nikamwambia.

Wanawake wa bustani walinichagua. Hawakunichagua kwa sababu najua mambo, Mama. Walinichagua kwa sababu waliona usoni mwangu kwamba sitanunulika. Na wanunuzi walikuja kweli. Kwa wengine zilikwenda baiskeli, kwa wengine ahadi za kazi. Kwangu alikuja Anselme mwenyewe, mchana kweupe, na mchoro umekunjwa kwapani.

Aliutandaza mezani mbele ya baba mkwe wangu, Papa Lambert. Ulikuwa mchoro wa zahanati, paa jekundu na maua mlangoni, na juu ya mlango yameandikwa kwa herufi kubwa maneno ya Kifaransa, "Dispensaire Maman Philomène". Papa Lambert alipitisha kidole juu ya jina lile, herufi moja moja, akaanza kulia. Ni mzee aliyefanya kazi mgodini maisha yake yote, na sijapata kumwona analia, hata makaburini.

"Komite ikiachana na mambo ya ushuru," Anselme akasema, "mwezi ujao tunaanza kujenga."

Nilimwambia akunje karatasi yake. Hakukunja. Aliiacha pale mezani kwa makusudi, akaaga kwa heshima, akaenda.

Papa Lambert akanishika mkono. "Mutoto wangu, jina yake itabakia. Batu batapona ndani ya jina yake."

"Papa, atamwandika ukutani, halafu ataendelea kumwaga nyuma ya ukuta. Watu watapelekwa humo na miguu kama ya kwake."

"Weye unamupenda mama," akaniuliza, "ao unamuchukia tu ule muntu?"

Nilitoka nikaenda kuteka maji.

Kabla ya kura mji mzima ulikuwa umegawanyika. Iliposemwa kwamba kiwanda kitafungwa, wake za wafanyakazi waliacha kununua mboga kwangu. Mmoja ambaye mtoto wake nilimbeba mgongoni alinitemea mate karibu na miguu. Siwalaumu sana. Mtu anayelisha watoto kwa mshahara wa moshi hawezi kuusema moshi vibaya. Didier alirudi siku moja akaniambia msimamizi wake amemuuliza kama mke wake anaelewa anachofanya. Nikamuuliza, "Ulimjibu nini?" Akasema, "Nilimwambia anaelewa kuliko sisi tulionyamaza kwenye matanga." Kisha akaenda kukoga, hatukulizungumza tena.

Kura ilipigwa asubuhi, katika ukumbi ule ule wa parokia, madirisha yamejaa vichwa. Anselme alipewa nafasi ya kusema. Anajua kusema, mtu yule! Aliwataja wazee kwa majina, akawachekesha. Mwisho akasema, "Mukituwekea ushuru, tutafunga milango. Halafu batoto benu batakula nini? Mto?"

Watu wakacheka. Nikasimama. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema, "Wanaula tayari. Kila siku wanaula, kwenye lengalenga. Mama mkwe wangu aliulisha miguu." Nikakaa.

Mikono ikanyanyuliwa. Ushuru ukapita kwa mkono mmoja uliozidi. Mkono huo unaweza kuwa wa mtu yeyote kati yetu, lakini mimi najiambia ulikuwa wangu, niache nijiambie hivyo.

Juma lililofuata Didier akafukuzwa kazi. Walisema wanapunguza gharama. Alirudi na helmeti yake ya kuchomea chini ya kwapa, akaiweka juu ya kabati, akasema, "Sawa, sasa tumelipa na sisi." Siku hizi anachomea milango na vitanda vya chuma kando ya barabara, umeme ukiwapo. Umeme usipokuwapo anakaa anautazama waya. Tulikula bukari, ndio ugali wa huku, na chumvi siku nyingi. Papa Lambert alihamishia sahani yake chumbani kwake. Akitaka kitu kwangu alimtuma mtoto. Yule mke wa mfanyakazi aliyenitemea mate, mume wake hakufukuzwa, na kiwanda hakikufungwa mlango hata mmoja.

Kilichofungwa ni ule mlango wa kumwaga bure. Wapimaji walipoanza kazi, malipo yakawafikia wenye kiwanda huko mbali wanakokaa. Yakaja mara ya kwanza, yakaja ya pili yakiwa makubwa zaidi kwa sababu maji yalikuwa machafu zaidi. Hawakuwahi kuja kwa ajili ya Mama Philomène. Kwa ajili ya malipo yale walikuja. Niliwaona kwa macho yangu wakitembea kando ya mfereji wetu na viatu vya mpira hadi magotini, Anselme nyuma yao anaeleza, anaeleza, na hakuna aliyegeuka kumsikiliza. Nikasimama katikati ya bustani iliyokufa, nikamtazama anavyotoka jasho katika baridi ya mwaka jana. Mama, ulinifundisha kwamba furaha ya namna hiyo ni dhambi. Ni tamu lakini.

Kabla ya mvua wakachimba mabwawa ya kutulizia maji. Malori ya chokaa ya kusafishia maji yakawa yanapanda mlimani kila siku. Kumbe iliwezekana! Miaka yote walituambia haiwezekani. Ilikuwa inawezekana tangu siku ile alipoingia mferejini bila viatu, ila hakukuwa na haraka.

Na Anselme wakamwondoa. Nilipata habari ya siku atakayoondoka. Nikavaa kitenge changu cha msiba, wanawake wa bustani wakavaa vyao, tukaenda kusimama kwenye lango la kiwanda. Hatukuimba wala kurusha hata kokoto. Gari lake lilipotoka, dereva alipunguza mwendo kwa sababu tulikuwa tumejaa barabarani. Anselme akashusha kioo. Alikuwa amezeeka.

"Mama Resti, umefurahi sasa?"

Nikamwambia, "Bado."

Tukampisha.

Utafikiri mambo yaliishia hapo. Mwezi uliopita Clarisse akaja kwenye kamati na majibu ya wapimaji. Maji yanatoka kiwandani safi kuliko ilivyokuwa, akasema, kwa hiyo kufuatana na sheria tuliyoikubali ushuru ushuke. Nilihisi kama mtu amenipiga kibao. "Ushuke kwa nini?" nikamwuliza mbele ya wote. "Mama Philomène ameshuka kaburini, mbona yeye hapandi?" Clarisse hakunijibu vibaya. Alisema tu, "Tuliwaahidi kwamba atakayesafisha atalipa kidogo. Tukivunja ahadi yetu, watavunja ya kwao." Nikaomba tuahirishe.

Nyumbani nilimwambia Didier kwamba sitaunyanyua mkono hata waniburute. Alikuwa anapiga msasa mlango wa mteja. Hakusimama. Akasema, "Fikiri weye ndio patron. Maji safi na maji machafu unalipia sawasawa. Utanunua chokaa?"

Nilikasirika, nikamwambia mama aliyekufa ni wako. Akaacha kupiga msasa. "Ni wangu," akasema. "Njo maana nataka maji yabaki safi."

Niliunyanyua, Mama. Mkono ulikuwa mzito kuliko jembe la siku ile ya kwanza. Niliutazama huko juu kama wa mtu mwingine. Wakati wa kutoka, mkurugenzi mpya alitaka kunishukuru, nikampita kama mti. Sikuufanya kwa ajili yake.

Sasa mtaani kwetu kuna bomba na watoto wanajimwagia maji kwa fujo mpaka nawapigia kelele. Sehemu ya juu ya bustani imeanza kuotesha lengalenga, majani membamba yenye rangi ya ugonjwa, tunayang'oa na kuyatupa kwa sababu Clarisse ametuambia udongo bado haujapona. Sehemu ya chini haioti kitu. Padri ananiona napita bila kupokea komunyo, akaniuliza kama nimemsamehe yule mtu. Nikamwambia nimeusamehe mto. Akasema haitoshi. Najua haitoshi.

Kwa sababu sikiliza hili. Mwanamke mmoja anayeniuzia samaki kutoka Kapolowe alipita juzi akaniambia Anselme amepata kazi nyingine. Yuko Kakanda. Ni mkurugenzi tena, gari jipya, na huko pia kuna watu wanaolima kando ya maji. Nilicheka mpaka akashangaa. Nilimwuliza Clarisse kama watu wa Kakanda wana ushuru kama wetu. Akasema hawana, hakuna aliyewaeleza. Basi, Jumamosi tunapanda gari, mimi na wanawake wa bustani, tunakwenda kuwaeleza. Clarisse amekubali kuja. Yeye anakwenda kwa ajili ya mito yote, anasema. Mimi nakwenda kwa ajili ya mtu mmoja, lakini gari ni moja, na njia ni moja. Na kokote atakakohamia, Mama, patakuwa na mto.

Nisalimie mjomba Kasian, mwambie fundi baiskeli asiyejenga ukuta wa dada yake ataota ukuta. Shangazi Emerensiana, katekista wetu, mwambie namkumbuka, na aniombee bila kuuliza kwa nini. Edita mpe mkono kwa niaba yangu kwa kukusomea barua ndefu hivi, na kama analia, mpe maji. Bibi mzaa baba msalimieni kwa sauti kubwa ili asikie jina langu.

Nilikuwa nimekwisha kuandika salamu, Papa Lambert akaingia hapa ninapoandikia. Amekaa mbele yangu mezani, kwa mara ya kwanza tangu kura ile ya kwanza. Ameniuliza kama ni kweli nakwenda Kakanda. Nikasema ni kweli, nakwenda kuwasimulia yaliyompata mama. Akasema, "Jina ya muke wangu usiitaje kule. Mulikataa kuiandika mulangoni, basi usiitembeze barabarani."

Nimemkubalia, Mama. Ana haki. Kule Kakanda sitalitaja jina la marehemu. Nitalitaja la Anselme tu.

Mwanao anayekupenda, asiyesamehe,

Restituta